Wenye watoto wenye ulemavu, mnacheza nao vipi nyumbani? Tupeane uzoefu

Habari wadau. Kijana wangu ana miaka minne, ana mtindio wa ubongo, mkono wa kulia kakunja ngumi muda wote. Kliniki ya mazoezi ni mara moja kwa mwezi, nauli ya bajaji inaniua, yule dada wa fizio akaniambia mama kazi kubwa iko kwako, mchezeshe. Basi nikakusanya vifuniko vya soda na kopo la Blue Band, kila jioni namkalisha, weka humu, tumia mkono huu, sio huo! Wiki ya pili akiliona kopo tu analia. Kumbe nilikuwa namfanyisha mtihani. Nikaacha. Siku moja nakanda unga wa chapati akajivuta mwenyewe akaja akachomeka kidole, nikanyamaza kimyaa, nikamkatia donge lake nikaliweka upande wa kulia, akahangaika nalo weee mpaka vidole viwili vikakunjuka. Sasa kila nikikanda ana lake, chapati zake nyeusi anakula baba yake 😂

#2
Wangu ana usonji, miaka sita, haongei. Kazi yake kupanga ndala mstari mmoja. Zamani nilikuwa namvurugia eti acheze vizuri, siku hizi nakaa chini napanga zangu pembeni yake. Baadaye nikawa nabaki na ndala moja mkononi, simwambii kitu, nahesabu moyoni mpaka kumi, na hiyo kumi ni ndefu jamani. Siku ya nne akaninyooshea mkono, akanitazama. Nilienda kulia chooni, mwanaume mzima.

#3
Angalizo, maharage na punje za mahindi msiwaachie wanaotia kila kitu mdomoni, wangu mwenye Down syndrome alipenyeza puani tukakesha hospitali.

#4
WHO, Shirika la Afya Duniani, wana mafunzo ya walezi, vikao 9 vya kikundi na kutembelewa nyumbani mara 3, kwa watoto wa miaka 2 mpaka 9, na hilo la kumfuata mtoto anachopenda wamelitilia mkazo sana. Sema mwenye watoto watano na genge la kuuza atautoa wapi muda wa kukaa chini? Mimi nachomekea kwenye kazi, kuoga, kuanika, kufua.

#1
Kufua! Sikuwahi kuwaza. Kesho namwekea soksi za baba yake kwenye beseni, akitaka kukamua akamue.