Umeibiwa simu hadharani, halafu unaambiwa usome msimbo uliotumwa kwenye simu hiyo hiyo iliyoibiwa!

Ndugu wanajamvi,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sitaificha. Kibaka aliyenikwapulia simu mkononi mchana kweupe, watu wakitazama, simlalamikii hapa, kwa kuwa yeye ni mwizi na hajawahi kuniahidi lolote. Ninaowalalamikia ni wale wanaolipwa kunihudumia, ambao wamezipanga taratibu zao kana kwamba hakuna mteja wao hata mmoja atakayewahi kuibiwa simu.

Simu ilichukuliwa skrini ikiwa wazi, na hiyo ndiyo hali wanayoivizia, kwa sababu simu iliyo wazi haihitaji namba ya siri mpaka itakapojifunga yenyewe. Niliazima simu ya msamaria mwema nikapiga huduma kwa wateja ya mtandao wangu, nikitaka laini ifungwe papo hapo. Baada ya kusikilizishwa muziki na matangazo, mhudumu alipokea, akaniuliza majina yangu kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho, nami nikamjibu yote bila kusitasita. Kisha akaniambia kwa upole kabisa: "Nimekutumia tarakimu sita kwenye namba yako, naomba unisomee." Nikamweleza kwamba namba hiyo iko mikononi mwa mwizi, na kwamba hizo tarakimu sita huenda anazisoma yeye wakati huo huo. Akajibu kuwa mfumo haumruhusu kuendelea bila msimbo, hivyo niende dukani kwao nikiwa na ripoti ya polisi. Benki nayo ilinipokea kwa wimbo ule ule. Huku ni kumwambia mtu aliyefungiwa nje akalete ufunguo ulio ndani ya nyumba.

Nimesikia utetezi wao kwamba wanatulinda dhidi ya matapeli wanaojifanya wenye laini. Utetezi huo haunishawishi, kwa sababu wanachanganya mambo mawili yasiyolingana kwa hatari. Kuihamishia laini kwenye kadi mpya ni jambo kubwa, na ni haki kabisa mtu adaiwe kitambulisho na alama za vidole, kwa kuwa anayeishika laini ndiye anayepokea misimbo ya benki na ya barua pepe. Kuifunga laini kwa muda ni jambo dogo: ikitokea imefungwa kwa uongo, mwenyewe atasumbuka kidogo kisha ataifungulia, lakini isipofungwa kwa wakati, anaweza kukombwa akiba yake yote kabla hajafika hata kwenye hilo duka lao. Kwa nini basi mambo haya mawili yawekewe kizuizi kimoja?

Ninaandika pia kwa ajili ya mtu ambaye ameporwa leo na anasoma hapa kupitia simu ya kuazima, kwa sababu ushauri unaozagaa mitandaoni umejaa makosa. Usimkimbize mwizi, kwani hujui ana nini mfukoni wala yuko na nani. Jambo la kwanza ni kuifunga simu kwa mbali. Mwenye iPhone aingie icloud.com/find, ambako nenosiri la akaunti linatosha bila msimbo wa pili, kisha aitangaze simu kuwa imepotea. Nakiri kwamba hapa kuna mtu alifikiri kwa akili. Mwenye Android anaweza kuingia android.com/lock na kuandika namba yake ya simu tu, bila nenosiri, nayo simu ikajifunga pindi inapopata intaneti. Njia hii ilianza kutolewa mwaka 2024 kwa simu zenye Android 10 kwenda juu, ila ni lazima iwe imewashwa mapema kwenye mipangilio. Katika mipangilio hiyo hiyo kuna ulinzi unaotambua mtikisiko wa simu kukwapuliwa na mtu kutimua mbio, ukaifunga skrini wenyewe. Watengenezaji waniambie ni kwa sababu gani mambo haya hayawi yamewashwa tangu simu inatoka kiwandani, na kwa sababu gani simu nyingi humruhusu mtu yeyote kuiweka kwenye hali ya ndegeni bila namba ya siri, wakati kila mwizi anajua kwamba simu isiyo hewani haifuatiliki kirahisi na haipokei amri.

Usikimbilie kufuta kila kitu. Simu ya Android ikishafutwa kwa mbali, hutaweza tena kuiona kwenye ramani, kwa hiyo funga kwanza, tafuta, na ufute pale tu unapokuwa umekata tamaa ya kuipata.

Baada ya hapo pambana na laini, hata kwa kupaza sauti, na usikubali kukata simu mpaka mhudumu akuelekeze kwa msimamizi wake. Laini ni hatari kuliko simu yenyewe, kwa sababu mwizi huitoa kadi, akaiweka kwenye simu nyingine, akaomba kubadilishiwa nenosiri la kila akaunti inayotuma msimbo kwa ujumbe mfupi. Kizuizi pekee hapo ni namba ya siri ya kadi yenyewe, ambayo ikikosewa mara 3 kadi hujifunga na kudai namba ya PUK, yaani namba ya kuifungulia kadi, yenye tarakimu 8. Ni watu wachache mno wanaoitumia, na mitandao haijishughulishi kuwafundisha wateja wake, ilhali haikosi muda wa kututumia matangazo ya bahati nasibu usiku wa manane.

Benki na pesa za simu zifuate mara moja, kisha barua pepe, ambayo ndiyo mlango wa akaunti nyingine zote: badilisha nenosiri na uitoe simu iliyoibiwa kwenye orodha ya vifaa vilivyoingia. WhatsApp utairudisha ukishapata laini yako, kwani ukiisajili kwenye simu mpya, ile ya zamani hutolewa. Wakati unasubiri, wajulishe ndugu na marafiki kwamba atakayewaomba mkopo kwa jina lako si wewe.

Polisi watakuuliza namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15, ambayo iko kwenye boksi la simu na huonekana ukibonyeza *#06# ungali nayo. Ipeleke pia kwa mtandao ili simu izuiwe. Hata hivyo msidanganywe kwamba simu iliyozuiwa imekwisha kazi: zuio hilo linafanya kazi kwenye mitandao inayopeana orodha tu, ndiyo maana simu za wizi huvushwa mipaka, na nyingine hubomolewa zikauzwa kama vipuri. Ramani ikikuonyesha nyumba ilipo, wapelekee polisi na usiende kugonga mlango peke yako, ingawa najua uchungu wa kuambiwa na askari kwamba hana gari la kwenda huko.

Kuna jambo moja linalowaponza wengi. Siku chache baadaye hupokea ujumbe unaosema simu imepatikana, ubofye kiungo na kuingiza nenosiri lako. Anayeutuma ni mwizi au mnunuzi wake, kwa sababu tangu mwaka 2013 iPhone iliyowashiwa huduma ya Find My, ile ya kuitafuta simu iliyopotea, haiwashiki upya bila akaunti ya mwenyewe, na Android nazo zina ulinzi wa namna hiyo. Usiingize chochote, na usiiondoe simu kwenye akaunti yako hata ukibembelezwa au ukitishwa.

Ninachokidai kwa mitandao na mabenki ni namba moja ya dharura, inayopigika kutoka simu ya mtu yeyote, ambapo majina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho vinatosha kusimamisha laini na akaunti kwa saa 24, na masuala ya ripoti ya polisi yafuate baadaye. Kama kuna mwanajamvi ambaye mtandao wake una utaratibu kama huo na unafanya kazi kweli, autaje hapa hapa, kwa sababu nikishairudisha laini yangu nitahama nayo.