Tupeane uzoefu: umesafiri kumwona bingwa wa mieleka, ukakuta amepumzishwa

Mzee wa Theluji
Wakuu, salaam. Nimekuta watu wanabishana kama makocha wa mieleka ya vyuo hapa Marekani wana haki ya kuwakalisha nyota wao Januari na Februari ili wafike mashindano ya taifa ya Machi wakiwa wazima. Yakanirudia yaliyonikuta majira ya baridi ya mwaka juzi.

Kijana wangu mkubwa anacheza mieleka sekondari. Ukutani kwake ana picha ya mtu mmoja tu, yule aliyekuwa akitamba kwenye uzani wa pauni 133. Nikanunua tiketi, tukaendesha saa tano, njia nzima theluji. Taa zikazimwa, muziki ukapigwa, mtangazaji akataja jina jingine kabisa. Bingwa mwenyewe yupo pale pembeni na traksuti yake, anamenya chungwa. Bandeji hana, magongo ya kutembelea hana. Mwanangu akaniuliza, "Baba, anaumwa?" Sikuwa na la kumjibu, maana hakuna aliyetuambia chochote.

Majina ya vyuo tusiyataje, wengine tuna watoto huko. Wenye uzoefu karibuni.

Binti Kigoma
Umenikumbusha mbali, mkuu. Bei ya tiketi ni ileile, awepo asiwepo.

Mgeni Jijini
Samahani wakubwa, hii ndiyo ile ya kwenye TV ya kupigana na viti?

Kapteni Msaafu
Hapana, ndugu yangu. Hii haina maigizo. Uzani kumi, kuanzia pauni 125 hadi 285, na kila uzani chuo kinatoa mtu mmoja. Pambano ni dakika saba kwa vipindi vitatu: tatu, mbili, mbili. Ukishinda kwa pointi za kawaida timu inapata 3, ukimgandamiza mwenzio mabega yote mawili chini inapata 6. Hata nyota asipopigana, nafasi yake lazima ijazwe. Ikibaki wazi wapinzani wanachukua 6 za bure.

Fundi Viungo
Mimi nipo upande wa makocha. Spencer Lee wa Chuo Kikuu cha Iowa alichukua ubingwa wa taifa 2021 kano za magoti yote mawili zikiwa zimechanika. Tarehe 1 Januari 2022 akatangaza anafanyiwa upasuaji, msimu ukaishia hapo. Hayo ndiyo mnayoyataka? Mtoto wa watu aumie Januari ili nyinyi mfurahi Ijumaa moja?

Jembe la Kale
Fundi, usichanganye mambo. Aliyeumia hakuna anayemlaumu. Tunaongelea aliye mzima. Cael Sanderson alipigana mapambano 159 akiwa chuo cha Iowa State, 1999 hadi 2002, hakupoteza hata moja. 159 hazipatikani ukiwa umekaa kwenye kiti unamenya chungwa. Siku hizi wa kwanza kitaifa na wa pili wanapangiwa kukutana Februari, ghafla mmoja "anapumzika". Anajua akifungwa nafasi yake kwenye upangaji wa Machi inashuka. Huko ni kukwepa, tuite kwa jina lake.

Fundi Viungo
Wewe umewahi kupunguza pauni kumi kwa wiki, tena wiki baada ya wiki? Mwaka 1997 vijana watatu wa vyuo walikufa katika muda usiofika miezi miwili, wanajikausha ili wafikie uzani. Sheria zikabadilishwa kwa sababu yao. Mwili una kikomo, mzee.

Jembe la Kale
Sheria zimebadilishwa, vizuri. Sasa hao wanaopumzishwa wanajikausha vipi kama hawapigani?

Mama wa Akiba
Kaka, swali lako hilo ndilo limenifanya niandike. Huwa nasoma tu humu.

Mnamwongelea bingwa aliyekaa na shabiki aliyesafiri. Yule anayeingia badala yake hamjamtaja. Mimi ndiye mama yake.

Mwanangu alikuwa wa akiba kwenye uzani wa 174. Wa akiba naye hupunguza uzito kila wiki, kwa sababu kupima ni saa moja tu kabla ya mechi na hajui kama ataitwa. Mara nyingi anajinyima, anapima, kisha anakaa kuangalia. Siku hiyo nilikuwa nimetoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Nikaoga, nikaendesha, nikaingia ukumbini na macho mekundu. Akanitumia ujumbe: "Mama, ni mimi leo." Maneno hayo tu.

Mtangazaji akataja jina la mwanangu. Ukumbi ukaguna. Siyo kuzomea, ni ule mguno wa "aaah" wa maelfu ya watu kwa pamoja. Safu ya nyuma yangu baba mmoja akaanza kuvaa koti, akamwambia mkewe twende tukanunue chakula. Mimi nimevaa fulana yenye jina la mtoto wangu mgongoni, na nina hakika alikuwa anaisoma.

Mpinzani wake alikuwa kwenye kumi bora za taifa. Akamwangusha mara ya kwanza mapema, akamwangusha tena. Kipindi cha tatu mwanangu yuko chini, bega moja limegusa, la pili limebaki upana wa kiganja hivi. Refa amelala kifudifudi, shavu karibu na zulia, anachungulia. Nikasimama nikapiga kelele kwa Kiswahili changu chote: "Usilale! Lala tumbo! Lala tumbo, mwanangu!" Watu wote wakageuka kunitazama. Sijui alinisikia au vipi, alijikunja akageukia tumbo, akabaki hapo hadi filimbi.

Alifungwa kwa tofauti ya pointi 7. Ingekuwa 8, wapinzani wangepata 4. Angelazwa mabega, wangepata 6. Walipata 3 tu, na timu yetu ikashinda mechi nzima kwa alama 2. Fanyeni hesabu wenyewe.

Baba wa koti alirudi na chipsi zake, akauliza, "Nani kashinda hiyo 174?"

Binti Kigoma
Mama, nimesoma nimesimama. Nalia hapa jikoni.

Kapteni Msaafu
Alama mbili! Angelazwa tu, mechi imekwenda.

Mgeni Jijini
Mama, ikawaje baadaye? Alipata namba?

Mama wa Akiba
Bingwa alirudi wiki iliyofuata, mwanangu akarudi kwenye kiti. Amemaliza chuo, sasa anafundisha watoto mieleka jioni. Na yule bingwa simlaumu, yeye ndiye wa kwanza kumkumbatia mwanangu alipotoka uwanjani. Ninachoomba, tangazeni mapema nani anapigana. Mtu akijua tangu Alhamisi, atakayekuja amekuja kumwona mwanangu pia.

Jembe la Kale
Heshima yako, mama. Hapo sina ubishi. Makocha wanaficha ili mpinzani asijipange, wanasahau kuna watu wamelipia.

Fundi Viungo
Kwa hilo hata mimi nipo. Kupumzisha sawa, kuficha hapana.

Mzee wa Theluji
Sasa tusaidiane: mnafanyaje msipotee njia kama mimi?

Kapteni Msaafu
Soma orodha ya vikosi inayotolewa kabla ya mechi. Ukiona uzani mmoja una majina mawili na "ama" katikati, usimwahidi mtoto kitu.

Binti Kigoma
Mimi nilishaacha mechi za Januari. Weka hela uende mashindano ya ligi ya vyuo ya Big Ten mwezi Machi. Pale ndipo nafasi za kwenda taifa zinapotafutwa, ni nadra mtu kukaa.

Jembe la Kale
Hoteli za Machi unalipa wewe, dada? Mwenye watoto wanne aende wapi? Novemba 2015 Iowa na Oklahoma State walipigana kwenye uwanja wa mpira wa Kimarekani wa Kinnick, nje, watu 42,287. Hizo ndizo mechi za kawaida za msimu. Mkiwaambia watu wasubiri Machi, mnaua kitu hicho.

Mgeni Jijini
Mimi ningeenda tu, nimshangilie wa akiba kwa nguvu hadi bingwa aone wivu.

Kapteni Msaafu
Mgeni ameshakuwa mwenyeji.

Fundi Viungo
Ushauri wa kweli: ukifika mapema kaa karibu na mlango wanaotokea kupasha. Aliyevaa viatu vya mieleka na kufunga kamba hadi juu anapigana. Aliyevaa raba, rudi garini ukampoze mtoto.

Jembe la Kale
Uongo, wengine wanapasha na viatu kamili halafu wanakaa. Nimeona kwa macho yangu.

Mzee wa Theluji
Nani anatoka Des Moines Jumapili? Nina nafasi mbili garini. Orodha imetoka, na 133 wameandika majina mawili. Nimemwambia kijana ukweli wote, amesema twende.

Binti Kigoma
Niwekee moja. Nakuja na thermosi ya chai.