Naomba ushauri: vikazio vya kijumba cha kulala kwenye pikapu vinalegea

Wakuu, kijumba kimekaa juu ya mkeka wa mpira na kimefungwa pembe zote nne kwa vikazio vya skrubu (vyuma vinavyokazwa kwa kuzungushwa): vya mbele vinavuta mbele, vya nyuma vinavuta nyuma. Kwenye rasta za barabarani, vya mbele hulegea japo nati za kufungia zimekazwa. Kuongeza nguvu ni kutafuta kung'oa kulabu kwenye mbao za kijumba. Nashuku kulabu za chini, zimeshikwa kwenye bati la bodi, nalo linapinda. Tundu moja la bolti limeshaanza kuwa yai.

Nizihamishie kwenye chesisi? Ila chesisi na bodi hujinyonga tofauti, na vikazio hivi havina springi. Waliofunga kwenye chesisi kwa vikazio vya springi, springi zinatosha kufidia kujinyonga huko? Na gogo la kuziba nafasi kati ya kijumba na ukuta wa mbele wa bodi mnalizuiaje lisihame?