Uwanja wa kata umeshikwa na wavulana: wasichana wapate nafasi vipi kwenye mchoro?

Mchoro_Kata:
Wadau wa usanifu na mipango miji, salaam. Kuna eneo la wazi la kata, mita 60 kwa 40, lina uzio wa waya, geti moja na magoli mawili. Wasichana wadogo wanakuja, ila wakifika miaka kumi hivi hawaonekani tena. Kamati inasema uwanja ni wa wote, basi ubaki hivyo. Kifeministi naona eneo lisilogawanywa huishia kwa mwenye nguvu. Tuanzie wapi, na vipimo gani?

Bi_Ramani:
Jiji la Vienna, Austria, lilikutana na jambo hilihili. Utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha kuwa wasichana hupungua bustanini wakishavuka miaka tisa. Hawakukosa hamu ya kucheza. Kila nafasi ilipogombewa, wavulana ndio walioishika. Bustani za majaribio, Einsiedlerpark ikiwemo, zikachorwa upya: viwanja vikagawanywa, milango ikaongezwa, pakawekwa voliboli na badminton.

Geti moja ndilo tatizo lako la kwanza. Wavulana watano wakisimama pale, msichana anageuza njia. Fungua matatu, pande tofauti, kila moja upana wa mita 3 hivi, na lisiwepo linaloishia kwenye kichochoro kisichopitika.

Kiwanja cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25. Ukiongeza nafasi ya pembeni ya mita 3.05 kila upande, unahitaji 36.6 kwa 21.35. Kilaze sambamba na upande wa mita 40. Acha ukanda wa mita 6 wa miti, mabenchi na sakafu ngumu ya rede na kuruka kamba, halafu mpira unabaki na takriban mita 32 kwa 40. Hapo hakuna aliyefukuzwa.

Fundi wa Mitaa:
Kabla ya mchoro, hesabuni. Watu wawili, kila baada ya dakika 15, siku ya shule na Jumapili, waandike jinsia, umri wa kukadiria na anachofanya mtu: anacheza, ameketi, anapita, amebeba mtoto. Bila karatasi hizo kamati itabishana kwa hisia. Kisha mtembee na wanawake wenyewe saa moja jioni. Ukaguzi wa namna hii ulianzia Toronto mwaka 1989, na Manzese, Dar es Salaam, umeshafanyika.

Mchoro_Kata:
Asante sana. Na taa? Wengine wanapendekeza pia saa maalumu za wasichana.

Fundi wa Mitaa:
Taa moja kubwa ya mlingoti ni kosa la kawaida: inamulika katikati na kuacha giza zito pembeni, na aliye kwenye mwanga hamwoni aliye gizani. Bora taa ndogo nyingi, zifuate njia mpaka barabarani. Lazima uso wa mtu utambulike kabla hajakukaribia. Matawi yakatwe hadi mita 2 kutoka ardhini, vichaka visivuke goti, na nguzo isiwekwe chini ya mwembe, maana ukikua unaimeza taa.

Bi_Ramani:
Saa maalumu zisaidie mwanzoni tu. Ratiba hutegemea mlinzi, na akiondoka nayo inakufa. Mgawanyo wa ardhi unabaki. Pia saa za alasiri ndizo wasichana wengi wanazotumwa maji au kulea wadogo zao, kwa hiyo mabenchi yatazame eneo la watoto wadogo, anayelea aweze kucheza huku anaona.

Choo kikae karibu na geti linalopitiwa na watu wengi, kisifichwe nyuma. Matundu ya wanawake yazidi ya wanaume. Kwa bajeti ndogo, mawili kwa moja. Komeo la ndani, maji, kulabu ya mkoba na pipa lenye mfuniko la taulo za kike viandikwe kwenye makadirio tangu mwanzo, la sivyo mkandarasi hataviweka.

Nguzo za netiboli zizikwe kwa zege. Zile za kuhamishwa hufungiwa ofisini, na mwenye ufunguo ndiye anayeamua nani acheze.