Gumzo la familia: Fiend Without a Face

Zuhura: Mjomba, shikamoo. Ile filamu ya 1958 nimeimaliza. Hivi profesa aliviumba vile viumbe makusudi?

Mjomba Salim: Marahaba, mwanangu. Walgate alianza kwa kutaka kufunua ukurasa wa kitabu kwa mawazo tu. Nguvu hazikumtosha, akajichotea za kinu cha nyuklia cha kambi ya jeshi iliyokuwa jirani, zile za kuendeshea rada. Ndipo wazo likapata mwili, likamtoroka.

Shangazi Rehema: Mwili usioonekana! Unasikia tu kitu kinajikokota, mtu anashika shingo, kwisha habari yake.

Juma: Mimi hapo nilichoka, shangazi. Watu wanajishika shingo wenyewe karibu filamu nzima. Utamu ulikuja nguvu za kinu zilipopandishwa, vikaonekana: ubongo unaotambaa, uti wa mgongo ndio mkia. Na vile vilichezeshwa kwa mkono, sanamu inasogezwa kidogo, inapigwa picha, inasogezwa tena. Kazi ile!

Shangazi Rehema: Kazi nzuri sikatai. Lakini ukishakiona unajua pa kulenga bastola. Usipokiona, ukifunga mlango hujui umekiacha nje au umejifungia nacho.

Juma: Aah, hiyo kweli.

Zuhura: Na wale wakulima wa Manitoba, kule Kanada, waliolalamika kuwa kinu kinawaharibia ng'ombe? Wanajeshi hawakuwasikiliza, na kumbe kinu ndicho kilichokuwa kinavilisha viumbe.

Shangazi Rehema: Walgate ndiye simsamehe. Watu wanazikwa, yeye amekaa na siri yake.

Zuhura: Alikuwa mgonjwa shangazi, na alisema mwishoni.

Shangazi Rehema: Mwishoni! Baada ya maiti ngapi?

Mjomba Salim: Kinachonikera mimi ni ule ufumbuzi. Meja Cummings, yule mwanajeshi shujaa wa filamu, analipua chumba cha kuongozea kinu, viumbe vinayeyuka. Kinu halisi hakizimwi hivyo. Zinashushwa fito zinazomeza nyutroni, zile chembe zinazoendeleza kupasuka kwa atomi, na hata hapo fueli yake ya nyuklia inaendelea kutoa joto, mwanzoni kama asilimia 6 ya nguvu kamili. Lazima kiendelee kupozwa. Ukilipua chumba cha kuongozea, utakipoza vipi?

Juma: Kwa hiyo Manitoba ingepata mionzi kwelikweli?

Mjomba Salim: Ingewezekana kabisa. Na viumbe vyenyewe visingekufa papo hapo, maana chakula chao kingekuwa bado kinatoka.