AC ya Corolla ya mwaka 1998: ikijazwa gesi inapoza, baada ya wiki chache joto linarudi. Naomba ushauri

Msafiri wa Urambo
Ndugu zangu, salaam. Ninaishi Tabora mjini, na biashara yangu ya asali hunipeleka Urambo na Kaliua mara kwa mara kwa Toyota Corolla ya mwaka 1998. Tangu joto la mwezi wa tisa lianze, AC imekuwa na ugonjwa uleule: fundi akijaza gesi, hewa hutoka baridi kabisa, kisha baada ya wiki chache ubaridi hupungua kidogo kidogo hadi inabaki feni inayopuliza hewa ya moto. Dalili huanza gari likiwa limesimama. Nikiwa kwenye mwendo bado napata ubaridi kiasi, lakini nikisimama kupisha treni hewa inakuwa vuguvugu. Sasa fundi anasema kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya AC, imekufa, hivyo niagize nyingine iliyotumika kutoka Dar es Salaam. Kabla sijatoa fedha hizo, naomba kujua kama kuna namna ya kuthibitisha kwamba kompresa ndiyo mbovu. Gari hili ndilo ninalompelekea mama yangu kliniki, na tukifunga vioo kwa sababu ya vumbi, joto la mchana linamchosha mno.

Mwana Isevya
Pole sana, ndugu, na umpe mama pole zetu. Gesi ya AC haiishi kwa kutumika kama petroli inavyoisha kwenye tangi. Gesi ni ileile inayozunguka ndani ya mabomba mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ikipungua ndani ya wiki chache, kuna mahali inavuja. Tena kompresa iliyokufa haifufuki kwa kujaziwa gesi. Kama AC yako hupoza vizuri kila ikijazwa, basi kompresa bado inasukuma. Kinachowezekana ni kwamba sili ya shafti yake inavuja, na hilo ni tatizo tofauti na kufa.

Fungua boneti, washa AC, kisha utazame sahani iliyo mbele ya puli ya kompresa. Inashika na kuzunguka pamoja na puli, au inashika na kuachia kila baada ya muda mfupi? Baada ya hapo zima injini ukague viungo vyote vya mabomba kwa tochi. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, hivyo mahali panapovuja huwa na unyevu wa mafuta ulionasa vumbi.

Mama Ng'ambo
Kaka, pamoja na hayo usiisahau kondensa, ile inayotoa joto la gesi nje, iliyo mbele ya rejeta. Dalili ya kupoza kwenye mwendo na kukataa ukisimama niliipata kwenye Noah yangu, na kwangu ilikuwa feni ya kondensa iliyokufa, wala gesi haikupungua hata kidogo. Barabara zetu za vumbi jekundu huziba mapezi ya kondensa pamoja na wadudu na majani, na joto linakosa pa kutokea. Isafishe kwa maji ya mpira wa kawaida, ukimwaga kutoka upande wa injini kuja mbele. Usikubali mashine ya kuoshea yenye nguvu, kwa sababu mapezi yale ni laini na yakilala hewa haipiti tena.

Msafiri wa Urambo
Nawashukuru sana. Nimekagua kama mlivyoelekeza. Feni inazunguka vizuri AC ikiwashwa, ila sahani ya kompresa inashika, inaachia baada ya sekunde chache, kisha inashika tena. Pale bomba jembamba linapoungana na kondensa nimekuta doa jeusi la mafuta, na nilipolifuta kwa kitambaa cheupe lilitoka na rangi ya kijanikibichi. Viungo vingine vyote ni vikavu.

Kijana wa Nzega
Mkuu, huku kuna fundi anayejaza gesi ya kupikia kwa bei ndogo sana na AC inapoza. Kwa gari la zamani sioni haja ya kuingia gharama kubwa.

Mzee wa Ujiji
Ndugu yetu wa Nzega, ushauri huo nakuomba usiutoe tena kwa mtu yeyote. Gesi ya kupikia inawaka. Evaporeta, ile inayopoza hewa ya ndani, iko ndani ya dashibodi, na ikivuja, gesi hiyo inaingia moja kwa moja walipo abiria vioo vikiwa vimefungwa. Ni kweli inapoza, lakini mfumo wa gari haukutengenezwa kubeba kitu kinachoweza kulipuka, na hapa anayekaa ndani ni mama wa mtu.

Msafiri, umefanya kazi nzuri. Hiyo rangi ya kijani inaelekea ni dawa ya kutafutia uvujaji iliyowahi kuwekwa. Ukiimulika usiku kwa taa ya zambarau itang'aa. Kompresa kushika na kuachia harakaharaka mara nyingi ni dalili ya gesi kupungua: swichi ya presha inakata umeme ili kompresa isizunguke bila mafuta ya kutosha.

Umeuliza namna ya kuthibitisha. Fundi afunge geji mbili za presha na injini izunguke kama mara 1,500 kwa dakika. Kwa gesi ya R134a, ambayo Corolla ya umri huo hutumia, upande wa presha ndogo kwa kawaida husoma kati ya psi (kipimo cha presha) 25 na 45, na upande wa presha kubwa huwa karibu na 200 hadi 250 siku ya joto. Pande zote mbili zikiwa chini, gesi ni pungufu. Kompresa iliyochoka huonekana pale ambapo kipimo cha gesi ni kamili, lakini upande mdogo unapanda na mkubwa unashindwa kupanda. Bila kukuonyesha hali hiyo kwenye geji, fundi hana msingi wa kukuagizisha kompresa.

Kwa sasa mwambie atoe gesi iliyobaki kwa mashine ya kuikusanya, asiiachie hewani. Abadilishe oringi (pete ya mpira inayozuia uvujaji) ya kiungo hicho kwa oringi ya AC, kwa sababu mpira wa kawaida huharibiwa na gesi na mafuta yake, na aipake mafuta ya kompresa kabla ya kukaza. Kisha ajaze naitrojeni, apake povu la sabuni kwenye kila kiungo, na asubiri aone kama geji inashuka. Kama mfumo umekaa wazi muda mrefu, draya, ile inayonyonya unyevu kwenye gesi, nayo ibadilishwe.

Hatua ambayo mafundi wengi huiruka ni kuvuta hewa kwa pampu ya vakyumu, angalau kwa nusu saa. Unyevu ukibaki ndani huganda kwenye tundu jembamba la vali na kuziba njia, na ukichanganyika na gesi na mafuta hutengeneza asidi inayokula vyuma. Tabora iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo geji ya vakyumu itaishia karibu na inchi 26 za zebaki badala ya 29 zinazoonekana pwani. Fundi asidhani pampu yake imeharibika. Pampu ikizimwa, mshale ukae palepale. Mshale ukirudi, bado panavuja, na hakuna sababu ya kujaza.

Msafiri wa Urambo
Nimekuelewa vizuri, mzee wangu. Je, nitajuaje kwamba gesi aliyojaza ni kiasi sahihi?

Mzee wa Ujiji
Chini ya boneti huwa kuna kibandiko kinachoonyesha aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Ajaze kwa mizani kufuata namba hiyo. Ikizidi, presha inapanda na ubaridi unapungua, kwa hiyo usimruhusu aongeze "kidogo ya akiba". Hakikisha pia kofia za plastiki za vali za kujazia zimerudishwa na kukazwa, kwa kuwa vali hizo nazo huvuja polepole.