Simu ya "ruzuku ya sola": kweli au utapeli?

Swali: Mpigaji anasema nyumba imechaguliwa kupewa ruzuku ya paneli za sola, ila ada ya usajili ilipwe leo. Atambuliwe vipi?

Jibu: Ada hiyo na haraka hiyo zinatosha kukata simu. Namba inayoonekana kwenye kioo si ushahidi, hughushiwa kirahisi. Tafuta mwenyewe namba ya mamlaka husika, si aliyokutajia yeye, ndipo uulize.

Jibu: Naongezea: usimsomee tarakimu za uthibitisho zilizoingia kwa ujumbe. Ndizo ufunguo wa akaunti.

Jibu: Na aliyekwisha kulipa? Aipigie benki au mtandao wa simu papo hapo, aombe muamala uzuiwe, kisha abadilishe nywila. Akijitokeza "wakala" wa kurudisha hela kwa ada, huyo naye tapeli, pengine ni yuleyule.